Chema Hakijiuzi

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni tamu masikioni, na aghalabu hutolewa na watu wasiopenda biashara zao ziwekewe kanuni. Husema, "Mwacheni kila mtu atengeneze atakavyo na auze apendavyo. Kizuri kitapata wanunuzi, na kibaya kitaoza mikononi mwa mwenyewe." Mimi nawaheshimu wahenga, lakini nawapinga wale wanaojificha nyuma ya mgongo wao. Kauli yangu ni hii: chema hakijiuzi. Chema kikiachwa bila mlinzi huibiwa jina, na mwenye kukitengeneza hubaki na jasho lake tu.

Methali ile ilikuwa kweli mahali ilipozaliwa, nako ni katika soko la kijiji. Huko mnunuzi anamjua muuzaji, anamjua mama yake, na analijua shamba lake. Mwuza maziwa akitia maji leo, habari zake zitafika kisimani kabla ya jua kutua, na kesho hatampata wa kumpa senti. Lakini soko la siku zetu halina kisima kimoja wala njia moja. Bidhaa huvuka milima na bahari, hupita mikono kumi, na mnunuzi wa mwisho haoni shamba wala mkulima. Huona kitu kimoja tu, yaani jina lililoandikwa juu ya chupa, gunia au pakiti. Katika soko hilo mwenye kuliiba jina ameiba shamba zima, wala hakuhitaji jembe.

Ili nisiseme maneno matupu, nitamwita shahidi mmoja kutoka nchi ya Italia. Shahidi huyo ni divai iitwayo Chianti. Yamkini msomaji atashangaa kwamba mwalimu amechagua kileo kuwa mfano kwa wanafunzi. Sikuchagua kwa kupenda ulevi, wala simwaliki mtu kuonja. Wako kati yenu ambao dini yao imeharamisha divai, na wengi wenu mngali katika umri ambao sheria ya nchi imewakataza. Nimeichagua kwa kuwa ni mazao machache ya shamba ambayo jina lake limewekewa mipaka, likavamiwa, likapanuliwa, likachafuliwa na kusafishwa tena kwa muda mrefu kama jina hili. Anayejifunza habari zake hujifunza habari za kahawa, za chai, na za kila kitu ambacho mkulima huuza kwa mtu asiyemwona.

Chianti ni nchi ya vilima katika jimbo la Toscana, baina ya mji wa Firenze upande wa kaskazini, ambao Waingereza huuita Florence, na mji wa Siena upande wa kusini. Misitu imefunika sehemu kubwa ya nchi hiyo, na mashamba ya mizabibu na mizeituni yametandazwa penye nafasi. Udongo wake una mawe mengi, na mahali pengine mkulima hana budi kulima mawe kabla ya kulima ardhi. Zabibu kuu ya huko ni nyeusi, nayo huitwa Sangiovese. Ni mzabibu wenye tabia ngumu. Ukiachwa uzae kwa wingi, divai yake huwa nyepesi, chachu na isiyo na rangi. Ukizuiwa kuzaa sana, hutoa divai yenye harufu njema na nguvu ya kukaa miaka mingi. Ishike tabia hiyo moyoni, msomaji, kwa sababu nusu ya ugomvi nitakaoueleza imetoka hapo.

Katika zama za kale Firenze na Siena ziligombania nchi hiyo kwa silaha. Wenyeji wanasimulia kwamba miji hiyo ilichoka kumwaga damu, ikapatana kuuweka mpaka kwa mbio za farasi. Kila mji ungetoa mpanda farasi wakati jogoo wake atakapowika, na mahali watakapokutana ndipo mpaka utakapowekwa. Watu wa Siena walichagua jogoo mweupe, wakamlisha akashiba. Watu wa Firenze walichagua jogoo mweusi, wakamnyima chakula. Jogoo mwenye njaa hakungoja alfajiri. Aliwika usiku ungali mzito, na mpanda farasi wa Firenze akaenda mbio karibu njia yote kabla hajakutana na mwenzake. Hii ni hadithi, si historia. Lakini yafaa kujua kwamba jogoo mweusi yule ndiye alama ya divai ya Chianti Classico hata leo, na kwamba tangu mwanzo watu wa huko waliona mpaka kuwa jambo la kukesha, si la kulalia.

Historia yenyewe ina tarehe. Tarehe 24 Septemba 1716, Cosimo wa Tatu wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana, alitoa amri iliyotaja mipaka ya maeneo manne ya divai: Chianti, Pomino, Carmignano na Valdarno ya Juu. Divai ya Toscana ilikuwa ikisafirishwa nje, na mtawala aliona kwamba udanganyifu wa wachache ungeharibu riziki ya wengi. Tazama alichofanya. Hakuwaamuru watu wapende divai gani, wala hakupanga bei. Alisema tu kwamba nchi iitwayo Chianti inaanzia hapa na kuishia pale, na kwamba kitokacho nje ya hapo kitafute jina lake. Sioni dhuluma yoyote katika amri hiyo. Mtu mwenye jina lake mwenyewe hapotezi kitu akikatazwa kutumia la jirani.

Baada ya mpaka ilikuja kanuni ya utengenezaji. Bwana Bettino Ricasoli, mwenye ngome ya Brolio katika Chianti, aliyepata kuwa waziri mkuu wa Italia, alifanya majaribio kwa miaka mingi katika mashamba yake. Mwaka wa 1872 alimwandikia profesa mmoja wa Pisa barua akieleza matokeo. Alisema kwamba Sangiovese iwe msingi, maana ndiyo iletayo harufu na nguvu. Canaiolo, zabibu nyingine nyeusi, iongezwe ili kupunguza ukali. Na Malvasia, zabibu nyeupe, iingie katika divai ya kunywewa mapema, lakini katika divai ya kuwekwa miaka mingi ni heri iachwe. Likumbuke neno hilo la mwisho. Mjuzi alisema wazi kwamba zabibu nyeupe si za lazima. Baada ya miaka 95 watunga sheria walilisahau, na kusahau kwao kuligharimu sana.

Sasa tuangalie jinsi chema kinavyoibiwa. Chianti ilipata sifa, na chupa yake yenye tumbo la mviringo, iliyovishwa majani makavu, ikajulikana mbali. Sifa ilipokua, jina likaanza kutembea peke yake bila ardhi yake. Wafanya biashara wa sehemu nyingine za Toscana waliona kwamba divai yao ikiitwa Chianti huuzika upesi kuliko ikiitwa kwa jina lake. Tarehe 14 Mei 1924 wakulima 33 wa nchi ile ya kale walikutana katika mji mdogo wa Radda, wakaunda chama cha kulinda divai yao na asili yake, na jogoo mweusi wakamfanya alama yao.

Je, walilindwa? Mwaka wa 1932 serikali ilikata shauri. Badala ya kulirudisha jina kwa mwenyewe, ililigawa. Nchi kubwa ya Toscana ilipewa ruhusa ya kutumia jina la Chianti, ikagawanywa katika sehemu saba; na nchi ya kale ikawa moja tu katika hizo saba, ikaongezewa neno "Classico" ili ijulikane. Uamuzi huo ni kama wa mzee wa baraza aliyeletewa kesi ya ng'ombe mmoja aliyezoea kukamuliwa na majirani sita, akaamua kwamba wote waendelee kukamua, ila mwenye ng'ombe aruhusiwe kumvika kengele. Sisemi kwamba majirani walikuwa watu wabaya au kwamba divai yao yote ilikuwa mbaya. Rufina, mmoja wao, hutoa divai ya kuheshimiwa. Nasema kwamba jina la mahali lilifanywa jina la biashara, na hilo ni kosa hata likifanywa kwa muhuri wa serikali.

Ng'ambo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko Marekani sheria ililihesabu neno Chianti kuwa karibu sawa na jina la aina ya divai, na watengenezaji wa huko wakaweza kuliandika juu ya divai ambayo zabibu zake hazikupata kuiona Toscana. Mapatano ya mwaka wa 2006 baina ya Marekani na Umoja wa Ulaya yaliwazuia watumiaji wapya, lakini waliokuwa wakilitumia kabla ya hapo waliachiwa waendelee. Hiyo ndiyo faida ya kuchelewa kulinda. Mwizi akikaa na mali yako muda mrefu, huja siku akaitwa mwenyewe.

Nimekwisha kuwashutumu wezi. Haki hainiruhusu kuwaacha walinzi, kwa sababu sheria nayo yaweza kukosa. Mwaka wa 1963 Italia ilitunga sheria ya majina ya asili ya divai kwa nchi nzima, na mwaka wa 1967 kanuni za Chianti zikatangazwa chini ya sheria hiyo. Zilisema kwamba Sangiovese iwe asilimia 50 mpaka 80, Canaiolo 10 mpaka 30, na zabibu nyeupe za Trebbiano na Malvasia 10 mpaka 30. Soma tena hesabu hiyo. Zabibu nyeupe, ambazo Ricasoli aliona ni heri ziachwe katika divai ya kukaa, zilifanywa za lazima. Mkulima aliyetunza Sangiovese yake kwa uangalifu, akatengeneza divai yake kwa zabibu hizo tupu, alikosa haki ya jina. Na mwenziwe aliyetia zabibu nyeupe mpaka karibu theluthi moja, divai yake ikapauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, alilipata jina kwa halali.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwa kuwa zabibu nyeupe zilikuwa nyingi mashambani, na Trebbiano huzaa kwa wingi sana. Watunga kanuni waliandika kilichokuwapo, wakakiita mila. Hili ni onyo kubwa kwa kila mwenye kupenda jadi. Si kila lililozoeleka ni jadi. Mengine ni uvivu uliozeeka. Kanuni inayolinda mazoea badala ya kulinda ubora ni kama ukuta uliojengwa kuzunguka ghala baada ya panya kuingia.

Hapa ndipo wapinzani wangu hupata nguvu, nami sitawanyima nafasi ya kusema. Wanasema hivi: "Tazama alichofanya Piero Antinori. Katika miaka ya 1970 alitengeneza divai iitwayo Tignanello katika nchi ya Chianti yenyewe. Akaifuata akili yake, akaacha zabibu nyeupe, akachanganya Sangiovese na zabibu za asili ya Ufaransa. Kuanzia mavuno ya mwaka wa 1971 hakuandika tena Chianti juu ya chupa; aliiuza kwa jina la divai ya mezani, daraja la chini kabisa katika sheria. Tazama pia Sassicaia ya Mario Incisa della Rocchetta, iliyotoka Bolgheri karibu na pwani, ambayo mavuno yake ya mwaka wa 1968 yalikuwa ya kwanza kupelekwa sokoni. Nayo ilikuwa divai ya mezani kwa sheria. Je, hazikusifiwa dunia nzima? Hazikuuzwa kwa bei ya juu kuliko zile zenye vyeo? Basi chema kilijiuza, na kanuni zilikuwa pingu tu."

Hoja hiyo ni nzuri, na iliyotangulia ni kweli tupu. Hitimisho lake ndilo la uongo.

Kwanza, tuulize ni nani waliojiuza. Ukoo wa Antinori umeshughulika na divai tangu mwaka wa 1385, na Incisa della Rocchetta alikuwa bwana wa heshima na mali. Watu kama hao wakivuliwa jina la mahali, hubaki na jina la ukoo. Wanayo mashamba mengi, wanao mawakala katika miji mikubwa, na wanao uwezo wa kungoja miaka kabla ya kuiona faida. Lakini mwenye hekta tano nyuma ya kilima anaitwa nani huko London au Tokyo? Haitwi mtu. Jina pekee analoweza kupeleka sokoni ni lile analochangia na majirani zake, jina la nchi yao. Tajiri akivuliwa joho la mahali hubaki na kanzu ya ukoo. Mnyonge akivuliwa hubaki uchi. Kwa hiyo anayewaonyesha matajiri wawili waliofaulu bila jina la mahali, kisha akasema jina hilo halina kazi, ameuangalia mti mrefu akasahau msitu.

Pili, wapinzani wangu husema neno "pingu" kana kwamba mtu alifungwa. Hakufungwa. Sheria haikumkataza Antinori kupanda zabibu alizozitaka, wala kuzichanganya, wala kuziuza. Ilimkataza neno moja tu, kuiita divai hiyo Chianti. Hapo pana tofauti ambayo msomaji lazima aishike. Kanuni ya jina si kanuni ya uhuru wa kutengeneza. Mtu yuko huru kushona kofia ya namna yoyote. Hana uhuru wa kuandika ndani yake kwamba imeshonwa Lamu kama imeshonwa kwingine. Kosa la mwaka wa 1967 halikuwa kuwapo kwa kanuni. Kosa lilikuwa maneno yaliyoandikwa ndani yake, na dawa ya maneno mabaya ni kuandika mema, si kuchoma karatasi.

Tatu, tuone nini hutokea mahali ambapo mlinzi hayupo au amesinzia. Mwaka wa 1986 watu wapatao 20 walikufa nchini Italia, na wengine wakapofuka, kwa kunywa divai ya bei rahisi iliyotiwa methanoli. Waliotia sumu hiyo walitaka kuongeza nguvu ya kileo kwa gharama ndogo. Sheria zilikuwapo vitabuni. Jicho la kuzisimamia ndilo lililokuwa limefumba. Na adhabu haikuwaangukia wakosaji peke yao. Wanunuzi wa nchi za nje waliiogopa divai yote ya Italia, ya mwaminifu na ya mwuaji pamoja, kwa kuwa wote walionekana kwa jina moja. Hapa Kenya tunaujua msiba wa namna hiyo. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2000, zaidi ya watu 100 walikufa mjini Nairobi kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli hiyo hiyo. Pombe ile haikuwa na jina, wala mahali ilikotoka, wala mtu wa kuulizwa. Basi mwenye kupenda methali na anijibu: kibaya kile kilijitembeza wapi? Hakikujitembeza. Kilikaa kimya kikombeni, kikangoja.

Tuangalie sasa jinsi Chianti ilivyoponywa. Haikuponywa kwa kufuta kanuni. Mwaka wa 1984 ilipandishwa hadi daraja la juu la majina ya asili, na kipimo cha zabibu nyeupe kikapunguzwa sana. Mwaka wa 1996 Chianti Classico ilipewa kanuni zake peke yake, na divai ya Sangiovese tupu ikakubaliwa kwa mara ya kwanza kulibeba jina la nchi yake. Tangu mavuno ya mwaka wa 2006 zabibu nyeupe zimepigwa marufuku kabisa katika Chianti Classico. Leo kanuni inataka Sangiovese isipungue asilimia 80, na sehemu iliyobaki iwe ya zabibu nyeusi nyingine zilizokubaliwa, hata zile za asili ya Ufaransa. Mchanganyiko wa namna ile ya Tignanello, uliokuwa uasi, sasa ni halali. Muasi hakuibomoa nyumba. Alionyesha ufa, na wenye nyumba wakauziba.

Kanuni nyingine za leo zina sababu zake, na sababu hizo ni za shambani, si za ofisini. Hekta moja hairuhusiwi kutoa zaidi ya kilo 7,500 za zabibu, kwa kuwa, kama nilivyokwisha kueleza, Sangiovese ikizaa sana hudhoofika. Divai haiuzwi kabla ya tarehe 1 Oktoba ya mwaka unaofuata mavuno, ili mwenye haraka ya fedha asiuze kisichoiva. Ile iitwayo Riserva hukaa muda usiopungua miezi 24. Kabla ya kupewa jina, divai hupimwa katika maabara na kuonjwa na kamati ya wajuzi. Na shingo ya kila chupa hufungwa utepe wenye nambari ya serikali. Mnunuzi aliye mbali hawezi kwenda Radda kumjua mama wa mkulima. Nambari ile humfanyia kazi ya kisima cha kijiji: habari za udanganyifu zikitokea, njia ya kurudi hadi mlangoni mwa mdanganyifu inajulikana.

Na wenyewe huzionaje kanuni hizo? Tutazame Montalcino, kusini ya Siena, ambako divai ya Brunello hutengenezwa kwa Sangiovese tupu. Mwaka wa 2008 baadhi ya watengenezaji wa huko walishukiwa kuchanganya zabibu nyingine, na wakuu wa sheria wakaanza upelelezi. Walitokea watu waliosema kwamba heri kanuni ilegezwe, ili lililokuwa kosa liwe ruhusa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo watengenezaji walipiga kura, na kwa wingi mkubwa mno wakaamua kwamba kanuni ibaki kama ilivyo. Hakuna mtawala aliyewalazimisha. Walijua kwamba anayelegeza kanuni ili kuwafunika wachache huwavua nguo wote.

Kutokana na habari hizi tunaweza kuipima kanuni yoyote ya jina, iwe ya Italia au ya kwetu. Mpaka wake ufuate ardhi na kazi ya watu wake, usifuate tamaa ya wafanya biashara kama ilivyokuwa mwaka wa 1932. Maneno yake yalinde ubora na ukweli, yasilinde mazoea kama yalivyofanya mwaka wa 1967. Awepo mkaguzi asiyelala, kwa kuwa sheria isiyokaguliwa ni mapambo, kama ilivyodhihirika mwaka wa 1986. Na wale wanaoishi kwa jina hilo wawe na sauti ya kuisahihisha, kwani mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana. Kanuni ikikosa moja ya mambo haya, ilaumiwe na irekebishwe. Lakini asije mtu akasema kwamba kwa kuwa mlinzi mmoja alilewa, basi malango yote yaachwe wazi.

Nawe, msomaji, usiyaone mambo haya kuwa ya Wataliano tu. Chai inayochumwa katika vilima vya Kericho na Nandi hushuka hadi Mombasa, huuzwa kwa mnada, na hupakiwa melini. Huko ng'ambo sehemu kubwa huchanganywa na chai za nchi nyingine, ikafungwa katika pakiti zenye jina la kampuni. Mnywaji hufurahia rangi na nguvu ya chai ya Kenya asijue kamwe kwamba ameinywa. Kahawa yetu nayo husifiwa na wajuzi wa dunia, na magunia yake huandikwa AA au AB; lakini herufi hizo hueleza ukubwa wa buni, hazielezi kilima zilikotoka wala mikono iliyozichuma. Basi mwambie anayesema chema chajiuza aende akamwulize mchuma chai kama chema chake kimejiuza. Kimeuzwa, naam. Lakini jina lililopata sifa si lake, na sehemu kubwa ya faida hulifuata jina.

Katika madarasa yenu wamo watakaokuwa wakulima, wanasheria, wakaguzi, wafanya biashara na wajumbe wa bunge. Kila mmoja atakutana na swali hili kwa sura yake. Mkulima atashawishiwa achanganye kizuri na kibaya ili gunia lijae. Mkaguzi atawekewa bahasha mezani. Mjumbe wa bunge ataombwa apanue mpaka kidogo tu, kwa ajili ya rafiki. Mfanya biashara ataambiwa kwamba jina ni neno tu. Wakati huo wakumbuke wale watu 33 wa Radda. Walikuwa na zabibu nzuri na ardhi nzuri, na sifa ya divai yao ilikuwa imevuka bahari. Hata hivyo waliona kwamba vyote hivyo bila ulinzi ni karamu iliyoandaliwa kwa wezi. Kazi waliyoianza ilichukua miaka 72 kabla nchi yao ya kale haijapata kanuni zake yenyewe.

Kwa hiyo tuiache methali ya wahenga ikae sokoni kijijini, mahali ambapo ingali kweli, na tusiipakie melini. Anayetengeneza chema ana kazi mbili: kukitengeneza vizuri, na kulilinda jina lake. Akiifanya ya kwanza akaiacha ya pili, amemfanyia kazi mtu mwingine bila mshahara.